Hanang haikulipuka, lakini volkano ilikuwepo

Novemba 23, 2025, mlima Hayli Gubbi ulioko Afar, kaskazini mashariki mwa Ethiopia, ulilipuka baada ya ukimya ambao wataalamu wanaukadiria kuwa wa takriban miaka 12,000. Wingu la majivu lilivuka Bahari ya Shamu, likapita juu ya Yemen na Oman, likaenda kusumbua safari za ndege mpaka India. Dar es Salaam habari ilitufikia kwa njia tuliyoizoea, yaani kwenye makundi ya WhatsApp, na ilishatiwa chumvi: Afrika inapasuka, Kilimanjaro inafuata, jiandaeni. Kwenye kijiwe cha kahawa ninachokaa jioni pale Magomeni, muuza kahawa alinigeuzia simu yake nione moshi, akauliza, "Sasa mzee, huku kwetu ni lini?" Kabla sijafungua mdomo, jirani yangu kwenye benchi akamjibu, "Huku kwetu zilishakufa zote hizo." Mjadala ukarudi kwenye Simba na Yanga.

Nimeyatafakari sana maneno ya wale wawili, kwa sababu ni kama mabishano yetu yote ya kitaifa kuhusu volkano yamebanwa mle. Mmoja anasubiri moto, mwingine anasema moto umeisha, na wote wawili wanaamini kuwa volkano ni ile siku ya moto tu. Hoja yangu ni kwamba siku hiyo ndiyo sehemu fupi kuliko zote katika kazi ya volkano. Mlima wa aina hii hubadilisha sura ya nchi kabla haujalipuka, na huendelea kuibadilisha maelfu kwa maelfu ya miaka baada ya kunyamaza. Mengi yanayowaua, kuwalisha na kuwaharibu meno Watanzania yanatoka kwenye kazi hiyo ya polepole. Kwa kuwa tunahesabu moto peke yake, tunauliza maswali yasiyotusaidia na tunapanga mipango isiyowagusa walio hatarini.

Chukua Hanang. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang mkoani Manyara, yakaufunika mji wa Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Swali lililotawala mitandaoni siku zile lilikuwa moja: je, volkano imelipuka? Serikali ikajibu kwa kuwategemea wataalamu wake kwamba hapana, ni sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyonyonya maji, ikalemewa na kumeguka. Jibu lilikuwa sahihi. Kilichonisumbua ni namna tulivyolipokea. Tuliposikia "hakuna volkano" tukatua mizigo, tukahitimisha kwamba ni mvua tu, sawa na mafuriko ya Jangwani. Lakini Hanang wenyewe ni volkano iliyonyamaza zamani, mlima wa zaidi ya mita 3,400 uliojijenga kwa kutapika zaha, au lava kama wengi tunavyoiita, na majivu, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukasimama peke yake katikati ya uwanda. Milima ya namna hiyo huwa na miteremko mikali na vitu vilivyolegea ndani yake. Majivu yakikaa muda mrefu kwenye unyevu huoza na kulainika, na yakishiba maji hupoteza nguvu ya kujishikilia. Mvua ileile ikinyesha kwenye miamba mikongwe ya itale ya Dodoma itakuletea mafuriko, lakini haitakuletea kipande cha mlima mlangoni. Kwa hiyo mvua ilifyatua mtego uliotegwa na volkano kitambo.

Tuwape haki yao na wale wa "Afrika inapasuka," maana hawajatunga kila kitu. Gamba la dunia upande wetu kweli linavutwa. Linapovutwa hukonda, mwamba wa moto ulioko chini hupanda, na kwa kuwa mgandamizo juu yake umepungua, sehemu yake huyeyuka na kutafuta ufa wa kutokea. Ndiyo maana milima yetu ya volkano imejipanga kufuata Bonde la Ufa, kuanzia Afar, ikapita Kenya, ikaingia kwetu Natron, na kuibuka tena kule Rungwe. Wanachokosea ni kasi. Kwa wastani upanuzi huo ni milimita chache kwa mwaka, kiasi ambacho kucha ya kidole chako hukimaliza ndani ya mwezi mmoja au miwili. Piga hesabu mwenyewe: kwa milimita 5 kwa mwaka, mwanya wa kilomita 100 unahitaji miaka milioni 20. Ule ufa maarufu wa Machi 2018 uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, ambao picha zake bado zinazungushwa kila kunapotokea jambo, ulijitokeza baada ya mvua nzito, na wanajiolojia wengi walieleza kuwa maji yalikuwa yamekomba udongo laini wa majivu ya volkano uliojaza nyufa za zamani. Hata hapo, fundi aliyeiandaa ardhi ile ni majivu ya volkano, ila maji yalipopita picha ikapewa kichwa cha habari cha bara kugawanyika.

Hata hivyo, hesabu ya wastani inaweza kutulaza usingizi mzito. Ufa hautanuki kwa mwendo wa saa ya ukutani. Hukaa kimya miaka mingi, kisha huruka. Septemba 2005, huko Afar, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliingia ardhini kama kabari, na ndani ya siku chache ukapatikana mpasuko wenye urefu wa kilomita 60, mahali pengine ardhi ikiwa imeachana kwa mita 8. Kwetu yalitokea ya kufanana nayo kwa kiwango kidogo, na ajabu ni kwamba hayakumbukwi. Julai 2007 matetemeko yalianza kuitikisa sehemu ya mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron. Lile la Julai 17 lilifikia ukubwa wa 5.9 na watu wa Nairobi walilisikia vizuri tu. Vipimo vya satelaiti vilionesha kuwa magma ilikuwa imepenya chini ya Gelai na kuitanua ardhi, bila hata tone moja kufika juu. Kwa anayehesabu moto, Gelai haikufanya chochote mwaka ule. Septemba, jirani yake Ol Doinyo Lengai akaanza kulipuka, na wafugaji wakalazimika kuhamisha mifugo kwa sababu ya majivu. Huo ndio mlipuko tulioutangaza, na kile kilichoupanua uso wa nchi kikapita kimyakimya.

Lengai, ambao jina lake kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu, unastahili tusimame hapo kidogo, kwa sababu hakuna mwingine kama huo duniani. Zaha ya volkano nyingine ina silika nyingi, na joto lake kwa kawaida ni kati ya nyuzi 700 na 1,200. Ya Lengai ni ya kaboneti yenye sodiamu, hutoka ikiwa na nyuzi 500 na kitu, nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari, na ikishakutana na unyevu hugeuka nyeupe. Mtu aliye mbali anaweza kudhani kileleni kuna theluji. Moja ya madini yaliyomo liliitwa nyerereiti kwa heshima ya Mwalimu, jambo ambalo nashangaa halimo midomoni mwa watoto wetu wa shule. Mvua huosha sodiamu kutoka kwenye miamba ya volkano ya eneo lile, chemchemi za moto huongeza yake, na vyote huishia kwenye Ziwa Natron, ambalo halina mto wa kutokea. Maji huenda juu kwa jua, chumvi hubaki.

Ukitaka kuishika hiyo kazi ya volkano kwa mkono wako huhitaji kupanda basi la Arusha. Nenda Kariakoo, kwa wauza viungo, uombe magadi. Utapewa kipande cha kijivu cheupe, chepesi kuliko unavyotarajia, kinachokatika kwa vidole na kukuachia unga, kimefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Mama wa nyumbani hukitia kidogo kwenye maharage au makande yaive haraka, akaokoa mkaa. Magadi ya kuchimba, tofauti na yale ya majivu ya mimea, asili yake ni maziwa kama hilo la Bonde la Ufa. Jiji letu limekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, halina volkano hata moja ya kulisingizia, na bado volkano imo ndani ya sufuria.

Imo pamoja na mambo yake mengine. Miamba ileile inayotoa sodiamu hutoa floridi, na magadi mengi huibeba. Kwenye miteremko ya Mlima Meru chemchemi nyingi zina floridi inayozidi kwa mbali kikomo cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yakijijenga huota meno yenye madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa zaidi hata mifupa hupinda. Niliwahi kufanya kazi ofisi moja na bwana mmoja aliyekulia huko. Miaka mitatu nzima sikuwahi kumwona akicheka bila kuweka kiganja mdomoni. Mara ya mwisho Meru kulipuka ilikuwa 1910, tena mlipuko mdogo. Kwa kipimo cha moto, mlima ule haujamdhuru mtu kwa zaidi ya miaka 100. Kwa kipimo cha maji, umewagusa watu kila siku ya miaka hiyo. Ni mfano mmoja unaotosha kunifanya niwe na shaka na neno "umekufa" linapotumiwa kwa mlima.

Na mlima huohuo wa Meru unaonesha namna nyingine ambayo volkano hubadilisha nchi, ambayo ni kuanguka. Ukiutazama kutoka Momella unaona upande wa mashariki umekatwa kama mkate uliomegwa. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu ule uliporomoka, ukasambaa chini kama mto wa mawe na tope, na maziwa ya Momella yamekaa kwenye mabonde yaliyoachwa na fujo hiyo. Ngorongoro ilianguka kwa njia tofauti. Zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita mlima mkubwa ulitoa magma iliyokuwa chini yake, paa likakosa nguzo, likadidimia lote. Kilichobaki ni sahani yenye sakafu ya kama kilomita za mraba 260 na kuta za mita 600 hivi, tunayowatoza watalii kiingilio kuishangaa.

Majivu ya milima hiyo ya nyanda za juu nayo hayakukaa bure. Upepo uliyapeleka magharibi, karne baada ya karne, yakautandaza uwanda wa Serengeti kusini. Mvua ikashusha chokaa na chumvi zake chini kidogo, zikagandamana na kuwa tabaka gumu kama sakafu ya saruji. Mizizi ya miti haipenyi hapo. Nyasi fupi zinatosha, na nyasi hizo zina kalsiamu na fosforasi nyingi. Nyumbu huja kuzalia huko kati ya Januari na Machi, wakati jike linalonyonyesha linahitaji madini hayo hasa, na uwazi wa uwanda unalisaidia kumwona simba kabla simba hajafika. Tunawafundisha watoto kwamba nyumbu wanafuata mvua. Ni kweli, lakini mvua hunyesha sehemu nyingi. Wanafuata mvua inayonyesha juu ya majivu. Uhamaji ule ambao dunia nzima inakuja kuupiga picha umechorwa, kwa sehemu kubwa, na volkano ambazo nyingi hazijatoa moshi tangu kabla binadamu hajajua kulima.

Hapa ndipo wanapoingia wenye hoja ninayoiheshimu zaidi: kwamba volkano ni neema, na kuwatisha watu wanaoishi juu yake ni kuwasaliti. Wana mifano mingi. Ndizi na viazi vinavyoshushwa usiku kwenye masoko ya Dar, vikiwemo vya chipsi zetu za barabarani, vingi vinatoka Rungwe na Uporoto kwenye udongo mweusi wa majivu. Huko Rungwe gesi ya kaboni inayotoka ardhini huvunwa na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji, kwa hiyo soda inapokupanda puani ujue kuna mlima unakupigia hodi. Mchagga na kihamba chake, na mifongo inayoleta maji mpaka kwenye migomba, anaishi juu ya Kilimanjaro kwa sababu mlima ule uliinuka mita 5,895, ukayakamata mawingu ambayo yangepita zake, na udongo wake unaushika unyevu. Maji ya Kilimanjaro na Meru hushuka Mto Pangani na kuzungusha mitambo ya umeme Nyumba ya Mungu na Hale. Majirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi. Kule Olkaria na kwingineko wanachimba mvuke wa joto la ardhini unaowapa takriban asilimia 40 ya umeme wao. Sisi kule Mbeya tuna milima ya Ngozi na Kiejo yenye joto la namna hiyo, na bado tuko kwenye kuchoronga na kuandika ripoti.

Nakubaliana na hayo yote, isipokuwa hitimisho lake. Neema na hatari hapa zinatoka kwenye mfuko mmoja. Majivu yanayoshika unyevu wa migomba ndiyo hayohayo yanayoshiba maji na kuteleza. Mteremko unaokamata mawingu ndio unaoyapa maji kasi. Anayesema watu wa Hanang walikosea kujenga pale anasahau kuwa walifuata maji na rutuba, kama watu wa Naples, Java na Goma. Na anayesema waachwe kwa sababu ni kwao, anawanyima taarifa za mahali penyewe wanapopapenda. Mtu anaweza kuishi miaka 80 chini ya mlima wa aina hii bila tatizo, ilimradi nyumba yake isiwe kwenye mdomo wa korongo.

Hoja ya pili iko karibu zaidi na masikio ya Dar: nchi ina matatizo mengi, Mto Msimbazi wenyewe na mafuriko yake unatushinda, tuanze kuhangaikia milima iliyolala? Sitaki kuipuuza, na sisemi kwamba mlipuko ni kitu kidogo. Januari 2002 zaha ya Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo, ilipita katikati ya mji wa Goma mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Na bahari yetu hii si salama kama inavyoonekana kutoka Coco Beach. Mei 2018 kisiwa cha Maore (Mayotte) katika visiwa vya Komoro kilianza kutikisika. Mwaka uliofuata meli ya utafiti ilikuta, kilomita 50 mashariki yake, mlima mpya umesimama kutoka sakafu ya bahari kwa mita 820, mahali ambapo ramani za awali hazikuonesha mlima wowote. Kisiwa chenyewe kilishuka zaidi ya sentimita 10 na kusogea. Mlima mrefu mara nyingi kuliko ghorofa lolote la Posta ulizaliwa kwenye bahari tunayoiogelea, na hakuna aliyesikia mlio. Mambo ya ukubwa huo yanahitaji vyombo, meli na satelaiti, na ni haki kuuliza nani atalipa.

Lakini hoja ya gharama inashikilia tu iwapo tunadhani kazi ni kuvizia moto. Kazi ninayoisema ni ya bei ndogo na sehemu yake tunaifanya tayari kwa vipande. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatuambia mvua itanyesha kiasi gani. Haiwezi kutuambia Hanang, Meru au Rungwe utafanya nini na mvua hiyo, na hilo si kosa lake. Taasisi ya Jiolojia pale Dodoma ina watu wanaosoma miamba. Idara za maji zinapima floridi. Ofisi za ardhi za wilaya zinagawa viwanja. Kila mmoja ana karatasi yake, na kwenye karatasi hizo mlima ni kivutio, au chanzo cha maji, au hifadhi. Ukiichukulia volkano kama kitu kinachoendelea kufanya kazi, karatasi hizo lazima ziwekwe meza moja: udongo huu ni majivu ya aina gani, korongo hili limeshusha mawe mara ngapi, chemchemi hii inawafaa ng'ombe au inawafaa watoto. Katika swali la kisima, wilaya za miteremko ya Meru zinapaswa kupima kabla ya kuchimba na si baada ya kuzindua. Katika swali la kiwanja, kibali kinapaswa kuangalia juu, kule mlima ulikoanza, na si kuangalia upana wa barabara peke yake.

Na kuna maarifa ambayo hayahitaji hata mhandisi wa kuanzia. Mawe makubwa yaliyokaa peke yake shambani, ya aina isiyofanana na mwamba wa chini yake, yalifika hapo yakibebwa. Mlima uliyaleta, kwa tope au kwa mlipuko, na unaweza kuleta mengine kwa njia ileile. Wakulima wanayajua, wamelima wakiyazunguka tangu enzi za babu zao, na wazee wengi wanaweza kukuonesha korongo ambalo baba yao alikataa kujenga kando yake. Kabla ya masika yanayofuata, wilaya yoyote iliyo chini ya mlima wa namna hii inaweza kumtuma mpima mmoja akiwa na wazee wawili na kopo la rangi, wafuate kila korongo kuanzia juu mpaka linapokatisha barabara, na wapake alama pale mawe yalipoishia.